Uzi Mweupe Juu ya Kitambaa Cheupe

Siku mdogo wake alipomwambia, Pindo alikuwa anapiga pasi. Lilikuwa gauni la hariri la mteja, la kwendea harusini, na hariri haimtaki mtu mwenye mawazo mawili. Mdogo wake alisimama mlangoni, akakohoa kikohozi cha uongo, akasema, "Dada, nimekubaliwa."

"Kazini?"

"Hapana. Monasterini. Kwa wale masista wa ndani."

Pindo aliinua pasi, akaisimamisha, akalitazama gauni kwanza kuona kama limeungua. Halikuungua. Ndipo akamtazama mdogo wake.

"Wale wasiotoka?"

"Ndio hao."

"Na wasiosema?"

"Wanasema, Dada. Kwa saa yake."

Hapo Pindo alicheka. Mtaa mzima ungecheka, maana mdogo wake huyo aliitwa Chiriku tangu alipoota meno. Mdomo wake haukujua Jumapili wala sikukuu. Angeweza kutumwa dukani kununua kiberiti, akarudi na habari za ukoo mzima wa mwenye duka, na kiberiti chenyewe amekisahau. Kumpeleka mtu kama huyo kwenye nyumba ya kimya ilikuwa sawa na kufuga samaki kabatini. Pindo alicheka mpaka ikabidi akae, na alipokaa akagundua kwamba anacheka peke yake.

"Lini?" akauliza.

"Mwezi ujao."

"Haya," akasema. Akainuka, akachukua pasi, akaendelea na gauni la watu.

Jina la Pindo alipewa na wateja. Ukimletea nguo aibane kiunoni, angeigeuza kwanza atazame pindo lake, na kama fundi aliyetangulia alilipua, angelifumua na kulishona upya bila kukuuliza. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole wa maneno, mkali wa macho. Alimlea Chiriku mwenyewe. Mama yao alifariki Chiriku akiwa bado hajui kufunga kamba za viatu, na baba yao alikuwa ameshaondoka zamani kwenda kutafuta kazi, na inaelekea mpaka leo bado anaitafuta. Pindo alikalia cherehani ya marehemu kabla machozi hayajakauka, na cherehani hiyo ikawalisha, ikawavika, ikamsomesha mdogo mtu. Wachumba walikuja. Mmoja alikuwa mvumilivu, alingoja hata watu wakamhurumia, kisha akachoka akaoa kwingine. Gauni la bibi harusi alilishona Pindo.

Hakujutia. Alikuwa na mipango yake. Chiriku angepata kazi, angeolewa karibu, nyumba ingejaa watoto, nao wangekuja kwa mama mkubwa kuvuruga vifungo na kuficha mikasi. Mipango hiyo hakuwahi kumwambia mtu yeyote, kwa hiyo ilipovunjika hakukuwa na mtu wa kumpa pole.

Monasteri ilikuwa juu ya kilima, nyuma ya ukuta mrefu uliopakwa chokaa. Sista wa mlangoni, mzee mwenye uso wa kucheka, aliwakaribisha chai. Chiriku alimkumbatia dada yake, akasema maneno mengi kwa haraka kama mtu anayemaliza akiba, kisha akapita mlango wa ndani. Baada ya muda sista yule akarudi na mfuko. Ndani yake mlikuwa na gauni na viatu alivyokuja navyo Chiriku asubuhi ile.

"Hivi hatavihitaji tena, mwanangu," akasema.

"Asante, Sista," Pindo akajibu, kama mtu aliyerudishiwa chenji.

Alirudi nyumbani amepakata mfuko. Gauni lile alilishona yeye.

Basi kimya alichokwenda kukitafuta Chiriku kilimfuata Pindo nyumbani. Chumba kilikuwa kimoja, vitanda viwili, katikati pazia lenye maua. Pindo aliendelea kupika chakula cha watu wawili, akala cha mmoja, na kesho yake akala kiporo cha mwingine. Akiwa ameinamia cherehani alisema, "Hebu nipe chaki," akanyoosha mkono, mkono ukabaki hewani. Jioni ndizo zilizokuwa mbaya. Zamani alikuwa akimwambia Chiriku, "Nyamaza basi hata kidogo nihesabu vipimo." Sasa alihesabu vipimo bila kukosea hata kimoja, na hakuona faida yake.

Kanisani hakuacha kwenda, lakini alikwenda kama mtu anayekwenda kulipa kodi ya nyumba. Alikaa benchi la mwisho, akatoka kabla ya baraka. Akina mama wa jumuiya walimshika mkono: "Hongera, mwenzetu. Umemtolea Mungu zawadi kubwa."

"Asante," alijibu. Moyoni alikuwa akisema: sikutoa. Nimenyang'anywa.

Ruhusa ya kwanza ya kumtembelea ilikuja wakati wa baridi. Waliongea kupitia dirisha lenye vijiti vya mbao, huku kila mmoja amekaa kwenye kiti chake kigumu. Chiriku alikuwa amekonda kidogo, macho yanang'aa. Alicheka, akauliza habari za mtaa mzima, akasimulia jinsi alivyopewa adhabu ya kufuta ngazi kwa kuwa alimpigia soga mwenzake jikoni. Kisha akanyamaza, jambo ambalo Pindo hakulizoea, akauliza, "Dada, unasali?"

"Nasali. Namwambia Mungu amechukua kisicho chake."

Pindo alidhani mdogo wake ataumia. Chiriku alisogea karibu na vijiti. "Mwambie hivyo hivyo. Usimpambie. Na Dada, chini ya kitanda changu kuna sanduku. Kuna kitabu humo hakina jalada. Kile ndicho kilichonileta huku."

Pindo alikitafuta siku ileile. Hakukitafuta kwa uchaji. Alikitafuta kama mke anayetafuta simu ya mumewe, ili amjue aliyemwibia.

Kilikuwa kitabu cha sala, kimechakaa, kurasa za mwanzo zimetoka, kwa hiyo hakujua nani aliyekiandika. Alianza kukisoma mchana, barazani kwenye kibanda chake cha ushonaji, wakati wateja wamepungua. Alipakana na fundi viatu, mjane mwenye mvi na utani mwingi, ambaye dini yake ilikuwa kutomwudhi mtu na kutoudhiwa.

"Fundi," alimwambia siku moja, "unasomea upadre?"

"Nasomea ugomvi."

"Ugomvi hauna haja ya kitabu. Ungeniuliza mimi, nilikuwa na mama mkwe."

Kitabu kilikuwa kigumu. Kurasa nyingine alizipita kama mtu anayevuka tope kwa kurukaruka. Lakini mwandishi hakuwa na maringo. Alisema waziwazi kwamba yeye mwenyewe aliwahi kusali miaka mingi bila kuhisi kitu, na kwamba mtu asiyejua kusali aanze kwa kukaa tu. Pindo alifunga kitabu kwa hasira. Kukaa! Yeye ambaye tangu utotoni hakuwahi kukaa mikono mitupu. Hata hivyo neno lile lilimganda. Alikumbuka kwamba Chiriku alimweleza ratiba ya monasteri, na kwamba jua likielekea kutua masista wote huingia kanisani kwa Masifu ya Jioni. Akawaza: saa hiyo, kama na mimi nikikaa, tutakuwa tumekaa pamoja.

Hivyo ndivyo alivyoanza kusali, na kama ungemwambia anasali angekukatalia. Alifunika cherehani, akafunga mlango, akakaa kitandani akitazama pazia. Alisema Baba Yetu, alisema Salamu Maria, kisha maneno yakamwishia akabaki kimya. Kwa siku nyingi alichokuwa akikiona ni Chiriku tu: Chiriku anainama, Chiriku anaimba na sauti yake isiyopanda. Wakati mwingine alisinzia. Wakati mwingine alitoa yaliyomkaa rohoni kwa sauti, na aliona aibu kusikia yalivyokuwa makali. Alikuwa na madai mengi kuliko alivyodhani, mengine ya zamani, ya tangu kifo cha mama. Hakujibiwa. Ila akimaliza alikuwa na njaa ya kweli, akapika, na bila kupanga akaanza kupika cha mmoja.

Mwaka uliofuata, msakristi wa parokia alimletea kitambaa cha altare. Alikuwa muuguzi mstaafu, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, na vyombo vya kanisa alivitunza kama alivyowatunza wagonjwa, yaani bila kuwauliza.

"Mshumaa umeanguka," alisema, akatandaza kitambaa mezani. Katikati ya upande wa mbele palikuwa na tundu, kingo zake nyeusi. "Tia kiraka kisichoonekana."

"Kiraka kitaonekana tu, mama. Niache nidarizi juu yake."

"Unajua kudarizi?"

"Alinifundisha mama yangu."

Ilikuwa kweli, lakini ni zamani. Kudarizi ni kazi ya mtu mwenye nafasi, na Pindo hakuwa na nafasi tangu alipokalia cherehani. Alinunua nyuzi, akatengeneza fremu kwa vipande vya mbao alivyoviomba kwa fundi viatu, akaanza. Vidole vilikuwa vizito mwanzoni. Akajichoma, akafumua, akarudia. Kisha siku moja akashtuka kwamba jioni imeshaingia na hakuwa na huzuni tangu mchana. Alikuwa anachagua kati ya rangi mbili za manjano tu, na roho yake yote ilikuwa hapo.

Alidarizi ndege mdogo, kifua cha manjano, mdomo wazi.

Msakristi alivaa miwani. "Huyu ndege gani?"

"Chiriku."

"Roho Mtakatifu ni njiwa."

"Huyu si Roho Mtakatifu, mama."

"Ninaona." Msakristi alimtazama juu ya miwani. "Mzuri," akasema. Akakikunja kitambaa akaondoka nacho.

Jumapili hiyo Pindo hakukaa benchi la mwisho. Alikaa mbele, na ndege wake alionekana vizuri, anang'aa pale katikati. Watu walimsifu. Jumapili iliyofuata akaja mbele tena. Ikawa desturi. Padre alipoinua hostia, Pindo alikuwa anatazama chini ya mikono ya Padre, kwenye manyoya ya manjano. Kengele ililia, watu wakainama, naye akawa anafikiri kwamba bawa la kushoto lingependeza likiinuliwa kidogo.

Kwaresima ilifika akiwa bado na kile kitabu, sasa anakisoma kwa mara ya pili na taratibu. Alifika mahali mwandishi anapoonya kwamba moyo ni hodari wa kujijengea altare yake ndani ya altare ya Mungu, na kupiga magoti hapo bila kujua. Alikisoma kifungu hicho akiwa barazani, uzi mdomoni. Akakirudia. Akautoa uzi mdomoni.

"Vipi?" fundi viatu aliuliza. "Umeshindwa ugomvi?"

Pindo aliulaza uzi katikati ya kurasa, akakifunga kitabu. Kile alichokisoma kilimchoma mahali ambapo utani haufiki. Hakuona vibaya kwamba alimpenda mdogo wake. Hilo hakuna kitabu kingeweza kumwambia ni kosa. Lakini alijua kwamba tangu ndege yule awekwe pale, hajaiona Misa hata moja.

Ijumaa alikwenda kuungama, jambo ambalo hakulifanya tangu Chiriku aondoke. Alijaribu kueleza habari za ndege, akachanganyikiwa, akahisi Padre anasikiliza mambo ya kitoto. Padre, kijana mwenye mafua, alingoja amalize.

"Unamkosa sana," akasema.

"Sana, Padre."

"Hilo si dhambi. Mlete huyo unayemkosa mbele ya Mungu kila siku. Ila ukishamleta, mwache hapo, usiondoke naye tena."

Pindo alilia humo kwenye kiti cha maungamo, kilio cha kimya, na nje foleni ya watu ikangoja.

Alimwomba msakristi kitambaa. Msakristi hakuuliza sababu. Kufumua darizi ni kazi mbaya kuliko kuidarizi. Kila uzi uliokatwa unatolewa kwa koleo ndogo, na ukivuta kwa pupa kitambaa kinachanika. Alianza na mdomo wa ndege, akamalizia kifua. Vipande vya manjano vikajaa mezani kama makapi. Baadaye tundu likawa tundu tena, naye akakaa mbele yake siku kadhaa hajui la kufanya.

Halafu akachukua uzi mweupe. Aliziba tundu kwa kufuma, uzi mmoja juu, uzi mmoja chini, kisha kuanzia hapo akadarizi mashuke ya ngano kuelekea pande zote mbili, meupe juu ya weupe, kila punje na mshono wake. Hakuwa na haraka. Kabla ya kushika sindano alifanya ishara ya msalaba, na akiwa anashona alisema tasbihi polepole, Salamu Maria moja ikapita na uzi wake. Mara nyingi alikosea hesabu ya sala, na ya mishono hakukosea. Alicheka peke yake. Jioni alikaa kama kawaida, na jioni moja akagundua kwamba amekaa muda wote bila kumfikiria Chiriku, na hakumfikiria mtu mwingine pia. Alikuwa amekaa mbele ya mtu. Hakumwona, hakumsikia, lakini hakuwa amekaa mbele ya pazia. Iliisha upesi, na kesho yake haikurudi, wala wiki ile. Alilala na upweke wake uleule.

Msakristi alipokuja, alikigeuza kitambaa huku na huku kwenye mwanga wa mlango. "Mbona sioni kitu?"

"Pitisha mkono."

Msakristi alipitisha kiganja. Akarudia, safari hii macho amefumba. "Watu hawataona umefanya nini," akasema.

"Padre atagusa."

"Haya, mwanangu," msakristi akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

Miaka ikapita. Chiriku alivaa shela nyeupe ya wanovisi, yaani masista wanaojifunza, akaweka nadhiri za kwanza, na nadhiri za daima zikakaribia. Pindo alipokwenda kumtembelea kabla ya siku hiyo, alimkuta ameshakaa kwenye kiti chake, hakucheka. Waliulizana hali. Chiriku akajibu kwa neno mojamoja. Mwishowe akasema, "Dada, sisikii chochote."

"Kusikia nini?"

"Nikisali. Mwanzo ilikuwa kama sukari. Sasa mwaka mzima ni kama kutafuna karatasi. Naimba, nainama, nafua, nalima, na ndani ni pakavu. Nakikumbuka chumba chetu. Nakumbuka hata pazia. Mama Mkuu ananiambia nivumilie, lakini yeye ni Mama Mkuu, atasemaje?" Alipangusa pua kwa mkono wa kanzu, kama alivyofanya utotoni. "Nilikuacha peke yako kwa ajili ya kitu, na sasa sikioni hicho kitu."

Kulikuwa na wakati ambapo Pindo angetoa chochote asikie maneno hayo. Angemwambia, vaa viatu twende nyumbani. Alitazama vijiti vya mbao, akatazama vidole vya mdogo wake vilivyovishika, vimechanika kwa jembe.

"Mimi pia sikisikii," akasema.

"Wewe?"

"Kila jioni nakaa saa mnayokaa ninyi. Mwanzo nilikuwa nakaa na wewe. Halafu nikakaa na hasira. Siku hizi nakaa tu. Siku chache, chache sana, najua kuna mtu. Nyingine zote nahesabu matundu ya pazia." Alitafuta maneno, maana hakuwahi kuyasema kwa mtu. "Nilidhani wewe uko naye na mimi niko nje ya mlango. Kumbe tuko wote mlangoni."

Chiriku alimtazama kana kwamba anamwona mtu mgeni. "Na unaendelea?"

"Naendelea."

"Kwa nini?"

"Nikiacha, ninammisi," Pindo akasema. "Sijui kama unaweza kummisi mtu ambaye hayupo kabisa. Sidhani."

Walikaa, kila mmoja upande wake, na Chiriku, aliyewahi kusahau kiberiti kwa maneno, hakuongeza hata moja. Kengele ikalia. Chiriku akapitisha ncha za vidole kati ya vijiti, Pindo akazigusa, basi.

Chiriku aliweka nadhiri za daima mwezi huo. Alilala kifudifudi sakafuni wakati watakatifu wanaitwa mmoja mmoja, na Pindo, benchi la familia lote likiwa lake peke yake, aliitikia kwa sauti iliyomtoka vizuri kuliko alivyotarajia. Baada ya Misa alisalimiana na mdogo wake kupitia dirisha, akala kipande cha keki na jamaa za masista wengine ambao hakuwajua, akarudi. Njiani hakujisikia mshindi. Alijisikia mchovu, na miguu ilimuuma. Nyumbani alivua viatu, akapika, akala, akaosha sahani moja.

Kesho yake kazi ilikuwa palepale. Kulikuwa na suruali za shule za kupunguza, na Padre wa parokia jirani alikuwa ameleta kasula ya zambarau, vazi la kusomea Misa, amesikia kuna fundi anayedarizi. Pindo aliitandaza, akaipima kwa macho. Saa sita kengele ya parokia ikapiga. Aliondoa mguu kwenye cherehani, akasimama kwa sala ya Malaika wa Bwana, midomo ikicheza bila sauti.

Upande wa pili wa ukuta wa mbao, fundi viatu alipunguza redio. Alikuwa na mazoea hayo tangu siku nyingi, na hawakuwahi kuyazungumzia. Alingoja mpaka aliposikia kiti kinavutwa.

"Fundi," akaita, "uzi mweusi mnene unao?"

"Ninao. Njoo uchukue."